Gitaa Tatu na Vidole vya Papa

Alhamisi, Kabondo. Mvua ilipiga tangu alfajiri, sasa imetulia. Moyo mwepesi.

Ndugu zangu mnaonisoma, mbote kwenu, na Bwana asifiwe. Mko salama? Wazee, mgongo unaendeleaje? Watoto, homa imewaacha? Sisi huku tuko wazima kwa neema. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi za kanisa, lakini goti halijawahi kumzuia mtu kushukuru.

Nimenyamaza wiki mbili, mtanisamehe. Leo nina habari, nina aibu kidogo na nina furaha nyingi, vyote kwenye sahani moja kama lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mshonaji, na kila Jumapili napiga gitaa ya accompagnement kwenye chorale, kwaya ya parokia yetu. Ndiyo ile gitaa inayoweka msingi chini wakati wengine wanapamba juu. Papa ndiye aliyenifundisha. Yeye alikuwa mtu wa mi-solo, yule anayekaa katikati, kati ya msingi na mapambo, na kushona vyote viwili pamoja. Ukimtoa mtu wa mi-solo, wimbo unabaki kama shati lisilo na vifungo.

Jumapili hii Papa na Mama wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kuna misa. Mdogo wangu Dido, ambaye ndiye maître, mwalimu wa chorale, aliomba kitu kimoja tu: Papa apige wimbo wa matoleo aliotunga mwenyewe zamani. Parokia nzima inauimba wimbo huo, na nusu ya watu hawajui kwamba aliyeutunga ndiye yule mzee wa benchi la tatu anayekohoa wakati wa mahubiri.

Papa hajagusa gitaa miaka kumi na miwili. Vidole vimekakamaa, ncha zake zina ganzi, na macho yamefunikwa na ukungu. Nilitegemea akatae. Alikubali palepale, akaomba hata kuchongewa kucha.

Alivyokubali haraka hivyo, niliogopa.

Donc swali likawa langu, kwa sababu nyumbani mimi ndiye ninayeshika bisibisi. Papa apige gitaa ipi? Tunazo tatu za umeme, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza tunaiita ya Mgiriki. Mwaka wa uhuru Papa alikuwa na miaka kumi na sita, anafagia duka la vitambaa la Mgiriki mmoja hapa mjini. Mgiriki alifunga duka akaondoka na masanduku mawili, gitaa haikuenea mle ndani, akamwachia Papa. Papa anasema mwaka ule kila mtu alipata kitu: wengine cheo, wengine nyumba, yeye gitaa, na katika hao wote ni yeye peke yake ambaye hakunyang'anywa. Uasi wa kwanza ulipofika, aliizungushia mkeka akavuka nayo mto kwenda Lubunga. Kwenye pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia, watu walivua kofia wakidhani amebeba maiti. Hakuwasahihisha.

Ya pili ilizaliwa kwenye uasi mwingine, rébellion ile niliyoiona kwa macho yangu nikiwa msichana. Meli za Kinshasa zilikoma kupanda mto, dukani hakuna kitu, ya Mgiriki imefichwa darini. Papa alitaka gitaa ya kanisani ambayo ikichukuliwa na wenye bunduki haitamuua kwa huzuni. Seremala mmoja wa hapa Kabondo aliichonga kwa lifaki, zile mbao nyekundu ngumu wanazotengenezea milango. Mtu wa kutengeneza redio alizungushia sumaku waya wa shaba, ikawa mikro ya kunasa sauti ya nyuzi. Ilichukua wiki tano na kuku watatu.

Ya tatu ni nyeupe, ya Kichina. Dido aliinunua soko la kati mwaka jana kwa ajili ya vijana wa chorale.

Jumanne nilinunua paketi tatu za nyuzi mpya. Gitaa ya Mgiriki ilikuwa na nyuzi mbili tu zilizobaki, kutu tupu, nikazikata nikatupa. Nikavaa miwani, nikasoma paketi kama barua ya askofu: uzi wa kwanza hapa, wa pili hapa, mpaka wa sita. Kila mmoja mahali pake, kama ilivyoandikwa. Sikumaliza sekondari, lakini paketi ile niliisoma yote, na naungama, nilijisifu.

Courant ya umeme ilikuja mapema siku hiyo. Nikaunganisha ampli ya kukuza sauti, nikazipiga zote tatu, kipande kilekile.

Ya Mgiriki ina sauti ambayo sijui niieleze vipi. Ni ya mviringo. Ukiigusa mara moja sauti inakaa, inakaa, unaweza kuvuta pumzi na bado ipo. Chini ni nzito bila kuwa na matope, juu inang'aa bila kukwaruza masikio. Lakini ee, mwili wake! Ni nzito kama mlango. Nyuzi zimesimama juu ya shingo kiasi kwamba kidole cha mtoto mchanga kinapita chini yake. Kubana uzi mmoja ni kama kukamua nguo ya kitenge iliyolowa. Baada ya nyimbo mbili nilipuliza vidole.

Ya lifaki ndiyo ninayopiga mimi Jumapili, kwa hiyo sitasema vibaya juu ya mke mwenza wa ndoa yangu. Shingo yake ni nene kama mchi wa kutwangia pondu, majani ya muhogo. Sauti ni kavu, fupi, inagonga na kunyamaza. Kwa solo haifai kabisa, utadhani mtu anapigilia misumari. Kwa accompagnement lakini inasukuma watu, hata mama walioleta ndizi za matoleo wanaanza kutikisa mabega. Ila inanguruma peke yake usipoigusa. Lazima mkono ukae kwenye chuma wakati wote, hata wakati wa kuungama dhambi.

Nyeupe ni nyepesi kama upepeo. Nyuzi ziko karibu na shingo, vidole vinatembea vyenyewe. Shida ni sauti: nyembamba, ya makali, kijiko kwenye sahani ya bati. Ukifunga kile kitufe cha kupunguza makali inakuwa na adabu kidogo, lakini adabu ya mgeni, siyo ya mtu wa nyumbani.

Hukumu yangu ilikuwa imeshatoka. Papa atapiga ya Mgiriki. Nilishaona picha kichwani: Papa na suti ya bluu, gitaa ya uhuru, Mama amekaa mbele na kitambaa kipya nilichomshonea. Naungama tena. Nilichagua kwa ajili ya picha.

Jana saa nane mchana tulimkalisha sebuleni.

"Papa, anza na ya Mugiriki," Dido alisema.

"Mugiriki alishaendaka. Gitare ni yangu," Papa akajibu, akanyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto.

Wimbo ule unaanza chini, taratibu, halafu unapanda kama mtu anayepanda ukingo wa mto na ndoo kichwani. Papa alianza. Vidole vilikuwa polepole lakini vilijua njia. Mimi na Dido tukatazamana. Nilisikia machozi yanakuja.

Alipofika katikati, pale ambapo sauti inatakiwa kupanda, ikaanguka. Ikaenda chini kabisa, pu, kama mtu aliyekosa ngazi.

Papa akasimama. Akarudia. Ikaanguka palepale. Mara ya tatu palepale.

Aliondoa mkono kwenye nyuzi.

"Hii gitare haiko yangu."

Dido alicheka. "Papa! Si huu mukwaruzo ulisema ni wa pirogi ya Lubunga? Gusa hapa."

Papa akagusa. "Mukwaruzo ni wangu. Gitare haiko yangu."

Dido akaacha kucheka.

Tukampa ya lifaki. Akafika katikati, ikaanguka. "Na hii inanidanganya." Tukampa nyeupe. Ikaanguka. "Uongo ni ule ule, ila huyu wa Chine anausema na sauti ya mbuzi wa Isangi." Tulicheka wote, na yeye akacheka, lakini uso wake ulikuwa umeshazima. Aliomba maji. Akaenda kulala, jua bado liko juu.

Dido alinivuta uani mimi yaya wake, dada mkubwa. "Yaya, haiko vidole. Ni kichwa."

"Nyamaza."

"Hajui gitare yake mwenyewe, Yaya. Umesikia. Bon, nitamuita Trésor wa parokia ya Makiso, apige yeye. Papa tutasema amechoka. Batu watamupigia makofi kwenye kiti yake, basi."

Sikubisha. Mtu anayesahau wimbo, huo ni uzee tu. Mtu asiyetambua kitu alichovuka nacho mto, alichokificha darini, alichokitunza miaka sitini, huyo ameanza kuondoka kidogo kidogo huku amekaa mbele yako. Tulimuona jirani yetu mmoja akiondoka hivyo. Alianza na majina ya vitu, akaishia na majina ya watoto.

Nilisali rozari nzima huku nakata vitambaa. Kwenye fumbo la tatu nilimkasirikia Mungu. Kwenye la nne nikaomba radhi. Kwenye la tano nikagundua nimekata mikono miwili ya kushoto ya blauzi moja.

Leo asubuhi mvua ilitufungia ndani. Papa alikuwa bado kitandani, jambo ambalo halifanyi. Mama alikuwa jikoni anatwanga pondu, mimi niko mlangoni na ya Mgiriki mapajani, nataka kuirudishia nguo yake na kuiweka. Nilimweleza Mama kila kitu. Mama hajui muziki. Akiimba anaimba kwa imani tu.

Aliacha mchi. Akaja, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, moja moja, kama anayehesabu watoto.

"Béa, tangu lini Papa yenu anatiaka kamba nene pale katikati?"

"Mama, ni uzi wa nne. Ndiyo kawaida yake."

"Kawaida ya nani? Mimi napangusa ile kitu tangu niolewe. Hizi tatu za nene zinakwaruza kitambaa. Hapana! Zilikuwaka mbili. Ya tatu ilikuwa sindano, ilinichoma kidole kila Jumamosi." Akaendelea, sasa amekasirika kabisa. "Wakati ya rébellion, kamba zilikosekana, Papa yenu alienda kulilia batu ya toleka, wale wa kubeba abiria na baiskeli, wampe kamba ya breki ya velo. Akaifungua nyuzi nyuzi, akatoa moja, nyembamba kama nywele. Akaifunga pale, katikati! Mwenye velo alienda kugonga kibanda ya mukate, alikosa frein. Mimi ndiye nilienda kuomba musamaha!"

Jamani.

Jamani, jamani.

Kwa wasiojua, naeleza, na ninaandika hapa kwa aibu kwa sababu mimi ni binti wa mtu wa mi-solo na ninapiga gitaa tangu ujana. Wazee wa mi-solo walikuwa na desturi yao. Ule uzi wa nne, ambao kwa kila mtu ni mnene na unasema chini, wao waliutoa. Mahali pake waliweka uzi mwembamba kama ule wa kwanza, wakaukaza mpaka useme juu. Vidole vinakwenda palepale, lakini sauti badala ya kushuka inapanda. Vijana wa leo hawafanyi tena, wana vifaa vyao vya kukanyaga kwa mguu. Papa alikuwa anafunga nyuzi zake mwenyewe, hakuna aliyemgusia. Na mimi, miaka yote hii nazungusha nyuzi za accompagnement, nikavaa miwani, nikatii paketi.

Nilipanga nyuzi za gitaa zote tatu sawasawa, na kwa hiyo zote tatu zilikosea sawasawa. Papa haoni unene wa uzi, na kwa ganzi ile hawezi kuusikia kidoleni. Alisikia tu kwamba mkono wake unaenda mahali ambapo nyumba haipo.

Kichwa chake ni kizima. Kizima kuliko changu.

Nilitoa uzi wa kwanza wa ya lifaki, maana sikuwa na wa ziada, nikaufunga pale katikati ya gitaa ya Mgiriki. Nikaukaza polepole, nimefunga macho, maana uzi mpya ukikatika unaweza kukupiga usoni. Ukafika.

Nikamwita Dido, tukamwamsha Papa. Courant ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo hakuna ampli. Papa aliinama, akaweka kidevu chake juu ya mbao za gitaa ili asikie kwa mfupa. Sisi watatu tukainama pia, vichwa vinne vimekaribiana kama watu wanaokula chungu kimoja.

Akaanza. Akafika katikati.

Ikapanda.

Mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakauliza nani amezaa.

Papa hakuinua kichwa. Alimaliza wimbo wote, na ule mkia wa mwisho ambao chorale yetu huwa inauruka kwa sababu ni mgumu. Halafu akamgeukia Dido.

"Mulibadilisha nyumba, kisha munauliza kwa nini mzee haoni mulango?"

"Papa, ni Yaya!" Dido akasema, msaliti yule.

"Na wewe maître, masikio yako ilikuwa wapi? Ulikopesha?"

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Alinigusa kichwa, akasema hata yeye alilala jana akidhani amekwisha. Alisema kwa kicheko, lakini alisema. Nikajua kwamba jana mchana hatukuwa sisi wawili tu tuliomzika. Alikuwa amechukua jembe naye.

Bon. Sasa sikilizeni, maana hapo ndipo hukumu yangu ya Jumanne ilipopinduliwa. Nilidhani kazi imeisha, nikaanza kutafuta kitambaa cha kung'arisha ya Mgiriki. Papa akasema lete na ile nyeupe, itie uzi wake. Nikamvua ya lifaki uzi wa pili, nikaukaza mpaka nikaogopa. Maskini ya lifaki, leo imekuwa hospitali ya kutolea damu.

Alipiga nyeupe kwa muda mrefu. Akarudi kwa ya Mgiriki. Akarudi kwa nyeupe. Huyu mtu haoni rangi vizuri, kwa hiyo alichagua kwa mkono na sikio tu, jinsi mimi nilivyopaswa kufanya.

"Nitapiga hii nyepesi."

"Papa, lakini sauti yake..." Nilikuwa nalilia picha yangu.

"Sauti yake iko ya bati, nasikia. Ile ya Mugiriki ina sauti ya kijana. Lakini inataka mukono ya kijana. Hii nikikosea kidogo, inanisamehe." Akapiga tena kile kipande cha kupanda. "Kwa umri wangu, binti yangu, mutu anatafuta mwenye kumusamehe."

Mama akamwuliza kama miaka hamsini ya kusamehewa haijamtosha. Wakaanza kugombana vizuri.

Halafu akanisukumia ya Mgiriki kwa mguu. "Beba wewe. Uko na mabega ya cherehani. Utapiga chini, mimi nitakukuta huko juu."

Sijawahi kuipiga mbele ya watu. Hakuwahi kuniruhusu, na mimi sikuwahi kuomba. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kama mvua imeisha.

Dido ameshampigia Trésor kumwambia asihangaike. Papa alipiga kelele kutoka ndani kwamba hapana, Trésor aje, akae mbele, alete masikio. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Nimeamua nitafika saa nane, na vidole nitavipaka mafuta tangu leo.

Kuna shida moja imebaki, ndiyo maana naandika leo bila kungoja Jumapili. Kile kimfupa kidogo cha juu ya shingo ya ile nyeupe, chenye mitaro ya kupitishia nyuzi, mtaro wake wa nne ulichongwa kwa uzi mnene. Uzi mwembamba unazama mle ndani, unalegea, na Papa akipiga kwa nguvu unagonga shingo, zzz, kama nyuki kwenye chupa. Nimekunja kipande cha karatasi nikakitia chini yake. Kimeshikilia, lakini kwa jasho la kanisa letu hakitafika kwenye matoleo. Wewe uliyewahi kupiga mi-solo, au baba yako, au jirani yako wa Yangambi au Isangi au popote ulipo: wazee waliweka nini pale? Mfupa? Jino la kitana? Kijiti cha mwanzi?

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi. Ningejaribu mwenyewe mpaka nipate, lakini nimeomba ile gitaa mara tatu tangu mchana na Papa anakataa kuiachia.